Utepe wa Mheshimiwa Makorongo

Nchi yetu siitaji jina. Tuliomo tunaijua, na walioko nje wana nchi zao za kuwatosha. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, bendera ya kupendeza, na Wizara ya Afya ya Kina Mama na Hafla. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ilipogundulika kwamba wageni waalikwa ni walewale.

Mwaka ninaousimulia, waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Fulgensi Makorongo. Udaktari huo alitunukiwa na chuo kimoja cha mbali kwa kutambua mchango wake wa kukitembelea. Alikuwa mtu wa tumbo la uongozi na sauti ya mimbarini, na hata akiomba chumvi mezani kwake alitanguliza, "Itifaki imezingatiwa."

Siku moja Mheshimiwa aliarifiwa kwamba wanawake wengi wanakufa kwa saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi. Akasikitika, akanywa maji, akaagiza kampeni. Hapo ikazuka shida ndogo. Kwa mujibu wa Waraka wa Staha, kiongozi wa umma haruhusiwi kutaja hadharani kiungo chochote kilichopo kati ya kidevu na magoti. Wataalamu wakajifungia kwenye hoteli ya ufukweni, wakatoka wamenawiri na jina: Kampeni ya Kitaifa ya Kupambana na Ule Ugonjwa wa Zile Sehemu.

Mabango yakabandikwa kila pahali. Yalionyesha kichwa cha mwanamke anayetabasamu, chini yake wingu jeupe, na chini ya wingu miguu. Maandishi yalisema: MAMA, CHUNGUZA AFYA YAKO. Wanawake wa nchi yetu ni watiifu, wakachunguza. Zahanati zikafurika waliokuwa wanaumwa kichwa na wenye sugu kwenye vidole vya miguu. Wizara ikatangaza kwamba mwitikio umevuka matarajio.

Mtaani kwetu palikuwa na wanawake wawili ambao hawakuhitaji bango. Stamili Kaunga na Sikitu binti Mlekwa walikuwa makungwi. Ndio waliowafunda wari na maharusi wa mtaa mzima, Stamili akinena na Sikitu akipiga ngoma. Chumba cha unyago hakina Waraka wa Staha. Kila kitu humo kina jina lake, na Stamili aliyataja majina hayo kwa sauti ya kupenya ukuta, mpaka sisi wanaume tulikuwa tunahama kibarazani na kahawa zetu.

Stamili aliona uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa anaoga. Alipomweleza Sikitu, mwenzake naye akatoa lake. Alikuwa anatokwa na damu.

"Damu gani, shoga?" Stamili akauliza. "Yako si ilikatika tangu mwanao hajaoa?"

"Nilidhani imerudi."

"Imerudi kufanya nini? Vaa viatu, twende hospitali."

Wakaenda Hospitali Kuu. Daktari Eshe, mwanamke kijana asiyejua kupaka maneno asali, aliwapima wote wawili. Stamili alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa. Wa Sikitu ulikuwa kwenye shingo ya kizazi, mahali pa kutotolewa kwa kisu. Baada ya hapo daktari akawaweka chini.

"Nyote wawili mnahitaji mionzi," akasema. "Wewe, mama Stamili, ili ugonjwa usirudi. Wewe, mama Sikitu, mionzi ndiyo dawa yenyewe, na tusichelewe. Tukianza sasa, nina matumaini makubwa."

"Na hiyo mashine ya mionzi ipo?" Sikitu akauliza, maana alikuwa anaijua nchi yake.

"Ipo. Mpya kabisa. Imefungwa, imejaribiwa, na mafundi wake wamehitimu."

"Sasa tunangoja nini?"

Daktari Eshe akawachukua nyuma ya wodi, kwenye jengo jipya lililopakwa rangi ya waridi. Mlangoni palikuwa na utepe. Ulikuwa mpana kama mkeka wa msikitini, umefungwa fundo lenye masikio kama ya ndovu. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa askari mwenye bunduki, Koplo Mashauri.

"Tunangoja huo," daktari akasema. "Mashine haijazinduliwa. Haiwezi kumgusa mgonjwa mpaka Mheshimiwa Waziri aje akate utepe."

Stamili akautazama utepe, akamtazama askari, akamtazama daktari. "Na dirishani je?"

"Dirisha nalo lina utepe," Koplo Mashauri akasema kwa fahari.

Msije mkamlaumu Mheshimiwa. Alitaka sana kukata. Lakini kiongozi hawezi kukurupuka. Kwanza ilibidi fedha zichangwe kwa ajili ya siku ya uzinduzi, na fedha hazichangwi pasipo chakula cha jioni cha hisani. Wananchi walitoa kwa moyo. Wauza mboga walitoa, wanafunzi walitoa, wafungwa walisamehe nyama yao ya sikukuu. Zilipofika nyingi, zikaandaliwa meza, zikaalikwa bendi mbili, na kukaagizwa kamba wakubwa kutoka nchi yenye bahari bora kuliko yetu. Chakula kilipokwisha, na fedha nazo zilikuwa zimekwisha. Ikabidi kiandaliwe chakula kingine.

Kisha Mheshimiwa akasafiri na ujumbe wake kwenda ng'ambo kujifunza ukataji wa tepe wa kisasa. Aliporudi, alieleza bungeni kwamba wenzetu wameendelea mno, wanatumia mikasi miwili.

Kisha zikaja fulana. Wizara iliagiza za waridi, zikaja za zambarau. Waziri akasema hawezi kuongoza umma uliovaa rangi isiyo ya ugonjwa husika. Zikagawiwa bure mitaani, nyingine zikaagizwa upya, na uzinduzi ukasogezwa mbele.

Katika kungoja huko, Kamati ya Maandalizi ilikuja mtaani kutafuta Mgonjwa wa Kampeni, mtu wa kuonyeshwa kwa wafadhili. Walimtazama Stamili, wakamkataa. Alikuwa na mashavu, na alicheka ovyo. Mwenyekiti alisema afya yake inakatisha tamaa. Lakini Sikitu walimpenda palepale. Alikuwa amekonda, macho yamemtoka, na akitembea alishika ukuta.

"Huyu anafaa kabisa," mwenyekiti akasema. "Mama, tunakuomba kitu kimoja tu. Usinenepe mpaka siku yenyewe."

"Nitajitahidi, mwanangu," Sikitu akasema.

Walimchukua kwa gari kwenda kwenye chakula cha pili cha hisani. Stamili akaenda naye kumshikilia. Walimpandisha Sikitu jukwaani, wakamsimamisha chini ya taa, na Mheshimiwa akamwekea mkono begani, akamtazama kwa huruma mpaka wapiga picha waliposema inatosha.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Ndugu wageni waalikwa, ule ugonjwa wa zile sehemu hauchagui chama wala kabila. Serikali yenu sikivu imeuona. Imeusikia. Imeuundia kamati. Na leo nasema kwa kinywa kipana: hatutalala!"

Watu wakasimama kushangilia. Sikitu alikuwa amesimama tangu mwanzo, na miguu yake ikamshinda. Akaanguka taratibu kama nguo inayotoka kwenye kamba. Wageni wakapiga makofi zaidi, wakidhani ni sehemu ya programu.

Walimkalisha nyuma ya pazia. Huko akamfuata mke wa Waziri, Bi. Adelina, mwanamke mrefu mwenye vito vingi na maneno machache. Alimpa maji. Kisha akainama, akamuuliza kwa mnong'ono, "Mama, samahani. Kwako ilianzaje?"

Sikitu akamwambia. Alitaja damu, alitaja maumivu chumbani, alitaja kila kitu kwa jina lake kama alivyozoea kazini. Stamili, aliyekuwa anampepea mwenzake kwa ukingo wa kanga, alimwona Bi. Adelina akibadilika rangi na kushika kiti. Kisha akarudi ukumbini, akakaa kando ya mumewe, akapiga makofi wenzake walipopiga.

Sikitu hakufika kwenye uzinduzi. Alizidiwa wakati Wizara ilikuwa inajadili iwapo zulia liwe jekundu au la waridi. Stamili alikuwa kando ya kitanda cha mwenzake hospitalini, kwenye wodi ambayo dirisha lake lilitazamana na lile jengo la mashine.

"Shoga," Sikitu alimwambia, "mimi sioni uchungu kufa. Nimeshaona watu wakifa. Ninachoona uchungu ni kufa nikiitazama."

Akafa asubuhi, akiitazama.

Mazishi yalichelewa, kwa sababu Mheshimiwa alitaka kuhudhuria na msafara wake ulikwama kwenye foleni iliyosababishwa na msafara wake. Jeneza likasubiri juani. Alipofika akapewa kipaza sauti.

"Tumempoteza mwanaharakati," akasema. "Marehemu Sikudhani..."

"Sikitu," mtu akamnong'oneza.

"...Marehemu Sikudhani Sikitu alikuwa nguzo ya kampeni. Ametutangulia kuzindua safari ambayo sote tutaifungua. Kwa heshima yake, natangaza rasmi kwamba uzinduzi wa mashine unasogezwa mbele, ili tumwombolee ipasavyo."

Kina mama waliokuwa uani walisikia maneno hayo kupitia spika. Stamili alikuwa kati yao, amefunga kanga kiunoni. Mimi nilikuwa karibu na ua na nilimwona. Hakulia. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, akasema, "Haya. Na tumwombolee ipasavyo."

Juma lililofuata, asubuhi na mapema, Koplo Mashauri alisikia ngoma. Alipoinua macho aliona kundi la wanawake wa mtaa wetu wakija kwa mwendo wa harusi, wote wamevaa zile fulana za zambarau za Wizara. Mbele yao alikuwa Stamili, amevaa koti kubwa la marehemu mumewe, tai shingoni, na kitambaa kimejazwa tumboni mpaka vifungo vinalia. Nyuma yake binti mmoja alibeba sinia lenye mto, na juu ya mto mikasi miwili, kisasa kabisa.

Koplo akasimama. "Shikamoo mama. Nyie kina nani?"

"Marahaba. Sisi ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya uzinduzi, afande. Ina maana wewe hukuletewa taarifa?"

Katika jeshi letu, askari ambaye hajaletewa taarifa ni askari ambaye amesahauliwa na wakubwa, na anayesahauliwa hupelekwa mpakani kuhesabu swala. "Nimeletewa," Koplo akasema. "Nilikuwa nawapima tu. Ila Mheshimiwa simwoni."

"Leo Mheshimiwa ndiye mimi. Piga saluti."

Akapiga. Stamili akapanda ngazi, akakohoa, akatoa tumbo mbele.

"Itifaki imezingatiwa!" akanguruma, na wanawake wakaanza kucheka kabla hajaendelea. "Ndugu wananchi, leo nawaletea mashine ya kutibu saratani ya titi na saratani ya shingo ya kizazi. Titi, ni hili hapa. Shingo ya kizazi, iko huku. Nimezaliwa huko mimi mwenyewe, na nimenyonya hapa mpaka nikapata mwili huu, lakini tangu nipate cheo nimesahau panaitwaje!"

Vigelegele vikapasua mawingu. Wagonjwa walioweza kutembea walitoka wodini kutazama. Koplo Mashauri alikuwa anacheka na huku anajizuia kwa mkono. Katika kucheka huko, Stamili akachukua mikasi, akaunyoosha utepe, akakata. Fundo lile kubwa likaanguka ngazini.

Koplo akaacha kucheka. "Mama, mbona umekata kweli?"

"Mazoezi ya kukata bila kukata, mwanangu, ni mazoezi gani?"

"Sasa Mheshimiwa siku ile atakata nini?"

"Maduka yamejaa utepe. Mwanamke kama Sikitu utamnunua duka gani?"

Koplo akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akaitazama bunduki yake kama mtu anayejaribu kukumbuka aliiazima kwa nani. Mlango ukafunguka. Daktari Eshe alikuwa amekwishaingia, mafundi wake wakimfuata, wamevaa makoti yao meupe.

"Mimi sijaona kitu chochote," akasema. "Nani wa kwanza?"

Wakatibu siku hiyo, wakatibu siku zilizofuata. Wanawake walikuja kutoka mitaa ya mbali na hata mikoani, kwa sababu habari ilisambaa kwa maneno ya Stamili, na maneno ya Stamili hayakuwa na wingu katikati. Wengi walipimwa wakakutwa wazima, wakaenda zao. Waliokutwa na ugonjwa walianza tiba.

Wizara ilichelewa kugundua, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyekuwa na sababu ya kwenda hospitali. Walipogundua, Mheshimiwa alipigwa na mshtuko. Akaitisha kikao cha dharura.

"Hii ni hujuma!" akafoka. "Watu wanapona kinyume cha utaratibu! Mashine ambayo haijazinduliwa kisheria haipo, na wao wanatibiwa na kitu ambacho hakipo. Tutaeleza nini kwa wafadhili? Funga utepe mwingine. Toa wagonjwa wote nje."

Afisa akatumwa na amri hiyo. Daktari Eshe alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Nitazima mashine sasa hivi," akamwambia. "Naomba tu uingie wewe umwambie aliyelala humo ateremke. Ni mama mkwe wa Katibu Mkuu wenu. Anayefuata ni dada yake jaji."

Afisa alirudi wizarani akasema hospitali aliikuta imefungwa.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoonyesha kwa nini yeye ni Waziri na sisi si mawaziri. Aliagiza mafundi seremala wachonge mashine ya mbao ya bandia, kubwa kuliko ile ya kweli, ipakwe rangi nyeupe na kufungwa taa za Krismasi, ipelekwe uwanja wa taifa. Ile ndiyo ingezinduliwa. Ya hospitali, akasema, ichukuliwe kama nakala.

Siku ya uzinduzi ilikuwa sikukuu. Serikali nzima ilihamia uwanjani: mawaziri, mabalozi, bendi ya polisi, wanafunzi waliosimamishwa juani tangu alfajiri, na fulana za waridi, ambazo hatimaye zilikuja za waridi. Mheshimiwa alikata utepe kwa mikasi miwili. Umati ukadai aonyeshe mashine inavyofanya kazi. Akalala juu ya mbao zile, akapunga mkono. Maseremala walikuwa wamelipwa nusu tu, wakaiunganisha nusu tu. Mashine ikafunguka katikati, na Mheshimiwa akazama ndani, zikabaki nje miguu na kichwa. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, kwa sababu haikuwa na maelekezo mengine.

Hospitalini siku hiyo palikuwa kimya kitamu. Hakukuwa na kiongozi, hakukuwa na ukaguzi, hakukuwa na mgeni rasmi. Stamili alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja zamu, na redio ya muuguzi ilikuwa inatangaza sherehe. Mwanamke mrefu aliyejitanda kanga mpaka puani akaja akakaa pembeni yake.

"Hapa ndipo foleni inapoishia, dada?"

Stamili akaitambua sauti. "Hapa hapa, Bi. Adelina. Karibu."

Yule mwanamke akashusha kanga. Hakuwa na kito hata kimoja. "Nilipimwa baada ya ile karamu," akasema. "Ni shingo ya kizazi. Daktari Eshe anasema nimewahi. Leo ndiyo naanza."

"Mzee anajua?"

"Nilijaribu kumwambia. Nikisema 'chini ya kitovu' ananikatiza, ananikumbusha Waraka." Redioni mumewe alikuwa anasema serikali haitalala. "Mwenzako yule, mama Sikitu. Angeniambia uongo siku ile, mimi leo ningekuwa uwanjani."

Machozi ambayo Stamili hakuyatoa msibani yalimjia pale, mbele ya watu, akayaacha yatoke. Bi. Adelina akamshika mkono. Jina lake lilipoitwa alinyanyuka, akaingia mwenyewe.

Jioni Mheshimiwa alirudi nyumbani amefungwa bandeji kichwani. Akamkuta mkewe sebuleni.

"Ulikuwa wapi? Kiti chako kilikuwa kitupu, wapiga picha wamelalamika."

"Nilikuwa hospitali. Nina saratani ya shingo ya kizazi, Fulgensi. Nimeanza mionzi leo."

Mheshimiwa akamtazama. Bi. Adelina anasema kwa kitambo kidogo alidhani anamwona mume wake wa zamani, yule kijana aliyemchumbia kwa baiskeli, anataka kusema neno. Kisha akauliza, "Kwa kibali cha nani?"

Bi. Adelina akaenda kufunga mizigo. Tiba yake ilikuwa ya kila siku, na chumba cha Stamili kilikuwa jirani na hospitali, akahamia humo. Kesho yake Wizara ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba mke wa Mheshimiwa Waziri amekwenda ng'ambo kwa ziara ndefu ya mafunzo.

Ziara hiyo tuliiona sote mtaani. Asubuhi ilipita na ndoo kwenda bombani, mchana ilipita kwenda hospitali ikiwa imeshikana mkono na Stamili, na siku ambazo mionzi iliichosha, ilijilaza kwenye mkeka uani ikimenyewa machungwa. Mpaka leo, ambapo wote wawili wamemaliza tiba na Daktari Eshe anawaona mara mojamoja tu, ziara hiyo haijarudi nyumbani.

Siku moja nilikuwa kibarazani na kahawa yangu, nikamwona Bi. Adelina anapita na kikapu cha sokoni. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za huko ng'ambo.

Akasimama, akacheka. "Nzuri tu, kaka," akanijibu. "Huku wanatibu."